Lori la Jeshi Lililostaafu: Kipi Kiongezwe, Kipi Kiachwe

Jeshi la Marekani linapouza lori la M35 mnadani, mnunuzi anapata lori tu. Hapati fundi aliyekuwa akiingia uvunguni kulikagua kwa ratiba. Hapati dereva msaidizi aliyekuwa akishuka kumwongoza mwenzake anaporudi nyuma. Hapati stoo ya vipuri, wala fomu ya ukaguzi ambayo dereva alilazimika kuipitia kabla ya safari, wala kamanda wa msafara aliyepanga mwendo. Lori lilibuniwa watu hao wote wakiwa ndani ya hesabu. Nyundo ya mnada ikishagongwa, wao wanabaki kambini na chuma kinaondoka peke yake.

Kwangu mimi, hapo ndipo mjadala wote wa kurekebisha malori ya zamani ya kijeshi unapoanzia. Kitu kinachoongezwa kwenye lori la namna hii kina maana kama kinafanya kazi iliyokuwa ikifanywa na watu hao. Kama hakifanyi kazi hiyo, basi mara nyingi kinaharibu kitu ambacho wahandisi walikiweka kwa makusudi, na mwenye lori anakuja kugundua baadaye akiwa mteremkoni au katikati ya tope. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Nimechagua M35 kama mfano mkuu kwa sababu ndilo lori la jeshi lililoingia mikononi mwa raia wengi huko Marekani, na makosa yanayofanywa juu yake yanafanywa pia kwa Unimog kule Ujerumani na kwa Bedford zilizofika huku kwetu.

M35 lilianza kutoka kiwandani mwanzoni mwa miaka ya 1950, kazi ya kampuni ya Reo, na baadaye likatengenezwa na Kaiser Jeep na AM General kwa miongo zaidi ya mitatu. Ekseli zote tatu zinavuta. Likiwa tupu lina uzito wa karibu tani 6. Porini liliruhusiwa kubeba kilo 2,270 hivi, na kwenye barabara nzuri mara mbili ya hapo. Toleo la A2, ambalo raia wengi wanalo, lina injini ya silinda sita ya lita 7.8 inayokubali dizeli, mafuta ya taa, mafuta ya ndege, na hata petroli ikibidi. Kwa ukubwa wake wote inatoa nguvu za farasi kati ya 130 na 140 tu, na mwendo wa juu ni kilomita 90 kwa saa. Namba hizi zikae kichwani, kwa sababu watu wanaoliharibu lori hili huanza kwa kuzisahau.

Nianze na breki, kwa kuwa ndizo zinazoua.

Kwenye M35A2 mguu wa dereva unasukuma masta silinda moja, yaani pampu ya mafuta ya breki. Mafuta ya breki yanaingia kwenye kifaa cha upepo kinachoongeza nguvu, kisha bomba moja linayagawa kwa magurudumu yote. Hakuna njia ya pili. Hozi moja ikipasuka, au wili silinda moja, ile silinda ndogo ya breki iliyo gurudumuni, ikianza kuvuja kwa kasi, pedali inazama hadi sakafuni na magurudumu yote yanakosa breki kwa pamoja. Kinachobaki ni gia na handibreki. Na handibreki yenyewe haishiki gurudumu lolote. Ni dramu moja iliyofungwa nyuma ya transfa, kile kisanduku cha gia kinachogawa nguvu kwa ekseli za mbele na za nyuma, inayoshika propela, yaani shafti inayopeleka nguvu hiyo kwenye ekseli. Imewekwa ili lori lililosimama lisiondoke. Propela inayokwenda nyuma ikikatika, unavuta mkono wa handibreki na lori linaendelea kuserereka.

Jeshi liliishi na mpango huo kwa sababu lilikuwa na ukaguzi wa kila siku, hozi mpya stoo, na misafara iliyotembea kwa mwendo uliopangwa. Raia aliyenunua lori lililokaa uwanjani miaka kumi hana hata kimoja katika hivyo, halafu analipeleka barabara kuu siku ya kwanza. Kwa hiyo masta silinda ya vyumba viwili, inayotenga breki za mbele na za nyuma ili upande mmoja ukifa mwingine ubaki, ndiyo kazi ya kwanza na yenye thamani kuliko zote. Magari madogo ya Marekani yalilazimishwa kuwa na mfumo wa aina hiyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Haina sababu lori la tani 6 linalopita mbele ya shule likose kinga ambayo gari dogo la miaka hiyo lilikuwa nayo.

Kabla ya kununua hiyo masta silinda, kuna jambo dogo la kutazama. Tangi la masta silinda liko chini ya sakafu ya dereva. Fungua kifuniko chake, chovya ncha ya kitambaa cheupe, kitazame kwenye mwanga. Kikitoka na rangi ya zambarau, hiyo ni silikoni, ambayo jeshi liliianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu hainyonyi unyevu hata lori likilala ghalani muda mrefu. Kikitoka na rangi ya asali au ya kahawa, kuna mtu ameshaweka mafuta ya kawaida. Ukikuta matabaka mawili, aliyepita kabla yako aliongeza mafuta ya kawaida, aina ya DOT 3, juu ya silikoni. Vitu hivyo havichanganyiki, na unyevu unaonyonywa na yale ya kawaida unakwenda kukaa sehemu za chini za mfumo na kula chuma kutoka ndani. Hapo dawa ni kumwaga yote, kusafisha mabomba, kubadilisha mipira ya kila silinda, na kujaza upya aina moja. Fundi anayekwambia aongeze kidogo tu pedali ipande anakuahirishia ajali.

Mikanda ya usalama nayo haihitaji mjadala mrefu. M35 halikutoka na mikanda. Weka, kwa bolti zilizopita sakafu hadi kwenye bamba la chuma upande wa chini, maana bati la kabini peke yake litachanika.

Sasa matairi. Hapa ndipo fedha nyingi zinapotea, na ndipo kosa moja linapozaa jingine.

Lori la asili linatembea kwa matairi kumi ya 9.00-20, mawili mbele na manane nyuma, yaani pacha kila upande wa kila ekseli. Pacha zinabeba mzigo vizuri barabarani. Porini zina kasoro mbili za kweli: mawe yanakwama katikati ya tairi na tairi, na upana wa nyuma haufuati njia iliyokwishakanyagwa na tairi la mbele, hivyo lori linachimba njia mpya kwenye mchanga au tope kila linapokwenda. Jeshi lenyewe liliona hivyo. Lilipoyafanyia malori haya ukarabati mkubwa miaka ya 1990 na kuyaita M35A3, liliondoa pacha, likaweka tairi moja pana kila upande pamoja na mfumo wa kujaza na kupunguza upepo dereva akiwa kabini. Lakini angalia liliongeza nini kwa wakati huohuo: injini ya Caterpillar 3116, giaboksi ya otomatiki na usukani wa kusaidiwa. Wahandisi hawakugusa matairi peke yake. Walijua yanagusa kila kitu.

Raia anayetaka kufuata njia hiyo kwa kiasi anaweza. Tairi la 11.00-20, au yaleyale yaliyotumika kwenye A3, pamoja na kugeuza hubu za nyuma, yaani vitovu vinavyoshika magurudumu, ili tairi moja ikae kwenye mstari wa tairi la mbele, ni kazi iliyofanywa na wengi na inafanya kazi. Shida ni yule anayeona picha ya lori limesimama juu ya matairi ya 16.00-20 na kuyataka hayo.

Tufanye hesabu. Tairi la asili lina kipenyo cha kama mita 1.03. Lile kubwa lina kama mita 1.34. Ongezeko ni asilimia 30. Maana yake kila gia imekuwa ndefu kwa asilimia 30, na injini ni ileile ya farasi 140 iliyokuwa ikihema mlimani tangu mwanzo. Mwenye lori anafurahia kwamba gia ya tano sasa inafika mbali, kumbe haiingii tena kwenye mwinuko wowote. Dramu za breki ni zilezile, lakini sasa zinashindana na gurudumu refu zaidi, hivyo nguvu ya kusimamisha inayofika ardhini inapungua kwa karibu robo. Kipima mwendo kinasoma 80 wakati lori linakwenda 104. Usukani, ambao hauna msaada wowote, unakuwa mzito kiasi kwamba dereva anasimama kwenye kiti kuuzungusha, kwa hiyo anaongeza usukani wa haidroliki, na huo unapata nguvu ya kulazimisha tairi lililobanwa na mwamba lizunguke, ndipo viungo vya ekseli ya mbele vinapokatika. Mtu ameanza na matairi akaishia kubadilisha ekseli. Kila hatua ilionekana ya busara kwa sababu ilikuwa inarekebisha ile iliyotangulia.

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Malori mengi ya M35A2 ya awali yana transfa inayoingiza ekseli ya mbele yenyewe pale magurudumu ya nyuma yanapoteleza. Kifaa hicho kinatambua tofauti ya mzunguko kati ya mbele na nyuma. Ukichanganya matairi ya vipenyo tofauti, hata kwa kuweka mapya upande mmoja na yaliyolika upande mwingine, ekseli ya mbele inaweza kuingia kazini kwenye lami kavu, na mfumo mzima unajikaza dhidi ya nafsi yake.

Ninachoshauri kwa anayetaka uwezo zaidi porini ni kipimo cha upepo na hozi ndefu. Kupunguza upepo kunaongeza eneo la tairi linalogusa mchanga kuliko kitu chochote utakachonunua, na lori hili tayari lina kompresa ya kurudisha upepo ukifika barabarani. Wamarekani walilijua hilo tangu DUKW, lile lori la kuogelea la Vita Kuu ya Pili, ambalo dereva wake aliweza kubadilisha upepo wa matairi akiwa kwenye usukani ili atoke majini na kupanda ufukwe. Wakati unashughulika na upepo, soma pia umri wa tairi ubavuni. Tangu mwaka 2000 tarehe huandikwa kwa tarakimu nne, wiki na mwaka; ukikuta tatu, tairi lilitengenezwa kabla ya hapo. Kashata za tairi bado zinaweza kuwa ndefu na mpira ukawa umekufa. Badilisha. Na ringi hizi zina pete ya kufungia, zile ambazo mafundi pancha wetu wanazijaza zikiwa ndani ya kizimba cha chuma, au angalau chini ya mnyororo. Pete ikiruka haichagui.

Watu hupenda kusema kwamba wanajeshi wenyewe walikuwa wakibadilisha malori yao, kwa hiyo raia naye yuko huru. Ni kweli walibadilisha. Ila tutazame kwa nini, na kwa gharama ipi.

Mwaka 1944, kuanzia Agosti 25 hadi Novemba 16, malori ya GMC yaliyoitwa CCKW yalikimbiza mafuta, risasi na chakula kutoka pwani ya Normandy kwenda kwa majeshi yaliyokuwa yakisonga mbele Ufaransa. Msafara huo uliitwa Red Ball Express, na takriban robo tatu ya madereva walikuwa Wamarekani weusi. Mwendo halali ulikuwa maili 25 kwa saa, na injini zilifungwa kidhibiti ili zisizidi. Madereva walikitoa. Vita vilikuwa vinawasubiri, na hakuna atakayewalaumu. Lakini malori yalichakaa kwa kasi ya kutisha, matairi yalikwisha, injini ziliungua, na jeshi lilikubali hasara hiyo kwa sababu viwanda vya Marekani vilikuwa vinaleta mengine. Raia anayefungua skrubu ya pampu ya dizeli ili M35 yake ipate farasi zaidi hana kiwanda nyuma yake.

Mfano wa Vietnam unafundisha zaidi. Septemba 2, 1967, msafara wa malori ulivamiwa kwenye Barabara ya 19, karibu na An Khe. Kikosi cha usafirishaji kilikuwa na malori ya kawaida tu, ulinzi haukutosha, na watu walikufa. Baada ya hapo wanajeshi wakaanza kugeuza baadhi ya M35 kuwa malori ya bunduki: mbao pembeni, mifuko ya mchanga katikati, bunduki za rashasha juu. Mvua za kule zikanyesha. Mifuko ikanywa maji, uzito ukapanda, na lori lililotakiwa kukimbia kuokoa msafara likawa zito kuliko lile linalolindwa. Wakahamia mabamba ya chuma, kisha wakahamisha kazi hiyo kwa sehemu kubwa kwenye lori kubwa zaidi, M54 la tani 5, lililokuwa na nguvu ya kubeba silaha zake. Moja kati ya hayo limehifadhiwa kwenye makumbusho ya usafirishaji ya jeshi huko Fort Eustis, Virginia.

Wanajeshi wale walikuwa wakipigwa risasi, na hata hivyo ndani ya muda mfupi waligundua kwamba M35 haliwezi kubeba kila wazo, wakalibadilisha lori badala ya kulilazimisha. Ndiyo maana siwaelewi wanaobebesha lori hilohilo kabini ya chuma kinene, rafu za juu, taa za mstari, tangi za ziada, bampa la kilo mia kadhaa na hema la kulala, halafu wanalalamika kwamba halipandi mlima. Kila kilo uliyoifunga kwa bolti umeitoa kwenye zile 2,270.

Hiyo skrubu ya pampu ninaiongelea kwa sababu inashawishi sana. Injini ya M35A2 ina uwiano mkubwa wa mgandamizo, 22 kwa 1, na chumba chake cha kuchomea mafuta kimo ndani ya pistoni, mbinu iliyotokana na MAN ya Ujerumani. Tabo, kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi, iliyofungwa kwenye matoleo ya baadaye iliwekwa hasa kupunguza moshi, wala haikulenga kuongeza nguvu. Mtu anasikia mluzi wa tabo, anadhani kuna nguvu imefichwa, anaongeza dizeli. Nguvu inapanda kweli, na joto la moshi linapanda pamoja nayo hadi pistoni zinaanza kuyeyuka kingo. Kipimo cha joto la moshi kwenye eksozi ni nyongeza nzuri sana hata kwa asiyegusa pampu, kwa kuwa kinamwambia dereva ashushe gia kabla injini haijalia. Kuongeza dizeli bila kipimo hicho ni kujitafutia. Na kidhibiti cha pampu kinaweza kuzuia mafuta injini inapofika mizunguko 2,600, lakini hakiwezi kuzuia mteremko. Lori likiisukuma injini kupita hapo, konrodi, vile vyuma vinavyoshika pistoni, ndizo zinazolipa.

Kuhusu umeme, hapa mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, na wa Grogan, Nairobi, watanielewa haraka, kwa sababu kosa lenyewe lipo pia kwenye malori yetu. Mfumo ni wa volti 24, betri mbili za volti 12 zimeungwa mfululizo. Mwenye lori anataka redio, chaji ya simu, pengine friji ndogo, vyote vya volti 12. Fundi anachukua waya kutoka betri moja tu, na vyote vinafanya kazi siku hiyohiyo. Tatizo ni kwamba jenereta inachaji betri zote mbili kwa pamoja bila kujua kwamba moja ina njaa. Ile inayotumika haijai kamwe, na ile nyingine inachajiwa kupita kiasi hadi inachemka maji. Baada ya muda unanunua zote mbili na kumlaumu muuzaji. Kibadilishi cha 24 kwenda 12, kinachochukua umeme kutoka betri zote mbili, ni kidogo na bei yake haifiki ya betri moja nzuri. Taa za mbele za LED za volti 24 pia nazikubali, kwa kuwa zile za zamani zinamulika kidogo mno kwa mtu anayesafiri usiku peke yake bila lori la kumtangulia.

Nina hasira zaidi na kile kinachofanywa kwenye winchi. Baadhi ya M35 yana winchi ya mbele ya uwezo wa pauni 10,000, inayozungushwa na injini kupitia shafti. Kwenye shafti hiyo kuna pini laini. Mzigo ukizidi, pini inakatika, shafti inazunguka bure, kamba inabaki nzima na watu wanabaki na miguu yao. Mtu akiwa kwenye tope, pini inakatika, anaiweka nyingine, nayo inakatika, anakasirika, anatafuta bolti ngumu ya ukubwa uleule. Bolti haikatiki. Sasa kitakachokatika ni kamba ya waya, na kamba ya waya ikikatika chini ya mzigo inaruka kuelekea kabini. Ukinunua lori la aina hii, lala chini ya bampa utazame pini hiyo kwa macho yako. Ukikuta bolti yenye alama za ugumu kichwani, itoe kabla ya kufanya kitu kingine chochote. Nyongeza inayofaa hapo ni pini halisi kumi na mbili ndani ya kopo kwenye kisanduku cha zana, na kapi la kugawa mzigo. Kuing'oa winchi yote na kuweka ya umeme ni kutupa kitu chenye nguvu ya injini nzima ili upate kitu kinachoua betri.

Kwa upande wa maji, hali ni rahisi. Lori hili bila vifaa vya ziada linavuka kina cha sentimita 76 hivi. Bomba la kuvutia hewa lililopandishwa hadi juu ya paa linapendeza machoni, lakini kinachoharibika kwanza mtoni ni ekseli. Zimepata moto barabarani, zinaingia kwenye maji baridi, hewa ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia sili na tundu za kupumulia. Wiki moja baadaye fundi anafungua bolti ya kumwagia oili ya difu, na kinachotoka ni cheupe kizito. Mipira myembamba inayopandisha tundu hizo hadi usawa wa kabini ni kazi ya asubuhi moja. Kila lori linalovuka mito linaihitaji, na hakuna atakayeiona kwenye picha.

Wajerumani wana somo lao. Unimog 404, lililotengenezwa kati ya 1955 na 1980 kwa idadi inayozidi 64,000, limekuwa kipenzi cha wasafiri wanaotaka nyumba ya kutembea. Chesisi yake iliundwa ijipinde. Ukilisimamisha tairi moja juu ya jiwe na jingine shimoni, unaiona fremu ikijinyonga kama kitanda cha kamba kilichokaliwa kona moja, na magurudumu yote manne yakabaki chini yakivuta. Kabini na bodi vimefungwa kwa namna inayoacha msokoto huo upite. Kisha mtu analeta boksi gumu la kulala, analifunga kwa bolti nane moja kwa moja kwenye chesisi. Barabarani halina neno. Porini, fremu inataka kujinyonga na boksi linakataa, na mmoja lazima apasuke. Ama kona za boksi, ama chesisi yenyewe karibu na bolti. Anayejua kazi huliweka boksi juu ya fremu ndogo yenye sehemu tatu au nne za kushikia zinazocheza. Ni gharama zaidi, na ni marekebisho ya kweli, kwa sababu yamemheshimu aliyebuni.

Huku kwetu, miaka ya 1970 na 1980, Bedford zilizostaafu kutoka jeshi la Uingereza zilikuwa zikileta watalii vijana kwa barabara kutoka London hadi Nairobi, kupitia Sahara na misitu ya Kongo. Ukitazama yalivyoongezwa kwenye malori yale, unaona akili ya watu waliojua kwamba msaada uko mbali: mabamba ya kukanyagia mchanga, tangi za maji na za mafuta, viti, makabati ya chakula yanayofunguka kutoka nje, springi za akiba. Injini iliachwa kama ilivyo. Dizeli ya Bedford MK ilikuwa ya ukoo uleule na ya Bedford TK ya kiraia iliyokuwa ikibeba mahindi na saruji katika nchi zetu, kwa hiyo kipuri kilipatikana mjini na fundi aliijua kwa mikono. Anayefikiria leo kung'oa injini ya asili na kuweka ya kisasa yenye kompyuta ajiulize swali hilohilo: nikikwama mbali, nani ataifungua?

Limebaki jambo la kukata. Kuna mtindo Marekani wa kuondoa ekseli moja ya nyuma ya M35, kufupisha chesisi na kulifanya lori la magurudumu manne. Linageuka kwa urahisi zaidi, linaingia kwenye uwanja wa nyumba, na linavutia macho. Pia limepoteza theluthi ya magurudumu yanayovuta wakati wote wa tope, theluthi ya breki, na sehemu kubwa ya uwezo wa kubeba. Mtu anayetaka lori fupi la magurudumu manne anaweza kununua Unimog au Bedford, ambayo yalibuniwa hivyo tangu mwanzo. M35 hazitengenezwi tena. Chesisi iliyokatwa hairudi.

Kwa sababu hiyo kipimo changu cha pili, baada ya lile pengo la watu waliobaki kambini, ni kama kazi inaweza kufunguliwa. Masta silinda mpya inafungwa kwenye bolti zilezile. Kibadilishi cha umeme kinatoka kwa spana moja. Mipira ya kupumulia inachomoka. Ringi pana zinavuliwa na hubu zinageuzwa zilivyokuwa. Kila kilichotolewa kipakwe grisi, kifungwe lebo inayosema kilitoka wapi na mwaka gani, kiwekwe kwenye sanduku, na siku lori likiuzwa sanduku liende nalo pamoja na daftari la kazi zote zilizofanyika. Mnunuzi anayefuata akikuta bomba la breki ambalo halimo kwenye kitabu cha jeshi, atafungua daftari ajue ni nani aliliweka, kwa nini, na linatumia mafuta ya rangi gani.